Taa za minara zinawaangusha ndege wapitao usiku

Ndugu Mhariri,

Majuma machache yaliyopita ulichapisha barua ya msomaji aliyechoshwa na habari za ndege wahamao. Alisema kuangalia ndege ni starehe ya wenye darubini shingoni wasio na kazi ya kufanya, na kwamba gazeti lingefaa kuandika mambo ya maana. Naomba nafasi nimjibu. Darubini sina. Kazi ninayo, na ndiyo iliyonikutanisha na ndege hao: mimi ni mlinzi wa zamu ya usiku kwenye mnara wa mawasiliano uliosimamishwa juu ya kilima. Jina la kilima sitalitaja, kwa kuwa siku hizi minara imeota karibu juu ya kila kilima, na nitakayoyasema yanaihusu yote.

Watu wengi hudhani ndege husafiri mchana. Kwa baadhi ya wakubwa ni kweli. Korongo weupe na tai hawapigi mabawa kutoka Ulaya hadi kusini mwa Afrika. Husubiri jua liichemshe ardhi, hewa ya moto ipande, nao wapande nayo wakizunguka hadi juu kabisa, kisha wateleze kwenda mbele kutafuta hewa nyingine ipandayo. Jua likizama, wametua. Ndege wadogo wengi, wale wenye uzito wa gramu kumi na kitu, mambo yao ni mengine. Hupiga mabawa safari nzima, na usiku unawafaa: hewa imepoa na kutulia, mwewe na kipanga wamelala, nyota zinaonekana, na mchana unabaki wa kula. Miaka ya 1960 mtafiti Mmarekani Stephen Emlen alianza kuwaweka ndege wahamao ndani ya jumba lenye anga ya kuigiza, akagundua kwamba makinda huitambua ile sehemu ya anga ambayo nyota nyingine zote huizunguka, na kwa hiyo huijua kaskazini. Niliyasoma hayo kwenye simu, lindoni, nikatoka kibandani kutazama juu kwa muda mrefu kuliko mkataba wangu unavyoruhusu.

Kwa hiyo anayefaa kuwasikia ndege hawa ni mtu aliye macho wakati wengine wamelala: mlinzi, muuguzi wa zamu, dereva wa lori. Msomaji wako amewapa matajiri starehe ambayo kwa haki ni yetu.

Kusikiliza kuna namna yake. Kwanza uondoke penye jenereta. Mimi huzunguka upande wa pili wa mwamba ili jiwe linikinge na ule mngurumo. Vua kofia. Weka viganja nyuma ya masikio ukivikunja kidogo, na uache mdomo wazi kiasi, maana pumzi ya puani ina kelele kuliko unavyofikiri. Halafu usikazane. Ukikaza masikio kumtafuta ndege utaishia kusikia mapigo ya moyo wako. Mimi huwasikiliza nyenje, basi, na ndege akipita hujitokeza mwenyewe juu ya sauti zao.

Wala usitegemee wimbo. Ndege aliye safarini hutoa mlio mfupi wa kuitana na wenzake gizani, na wengine, hasa wale wadogo wa vichakani, hupita kimya kabisa. Wasemaji wakubwa ni chamchanga, hawa ndege wa miguu mirefu wanaotafuta riziki kandokando ya maji. Yupo mmoja wa jamii yao apigaye miluzi mitatu ya haraka, tyu-tyu-tyu, safi isiyo na mkwaruzo. Unaisikia upande wa kaskazini, unaisikia tena utosini, kisha inaishia kusini, na hujaona hata kivuli. Mwezi ukiwa mpevu ndipo namwonea wivu mwenye darubini, kwa sababu akiielekeza kwenye mwezi na kuwa na subira ataona vidoa vyeusi vikikatisha uso wake. Huko Marekani wataalamu walikuwa wakiwahesabu ndege kwa njia hiyo tangu miaka ya 1940, kabla rada hazijaanza kuwasaidia.

Wale wanaopita kimya hupatikana alfajiri. Kati ya Oktoba na Desemba, mwanga ukianza kupasuka, vichaka vya mteremko wa mashariki huwa na watu wapya, niruhusu niwaite hivyo. Yupo mmoja wa rangi ya udongo, mdogo, asiye na alama yoyote ya kumtambua, ambaye ukimwona hutamjali. Mwache aimbe. Atapiga sauti ya mbayuwayu, aunganishe na ya shore, kisha ya ndege mwingine ambaye humfahamu kabisa, yote kwa pumzi moja na kwa kasi ya mtu anayesoma hesabu za mkutano akitaka kikao kiishe. Kizazi cha ndege huyu, aitwaye kwa Kiingereza marsh warbler, huzaliwa Ulaya na magharibi mwa Asia, naye hupita Ethiopia na Kenya akielekea kusini mwa Afrika. Mwaka 1979 mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire, aliyekuwa akiwasikiliza ndege hawa Ubelgiji, alichapisha matokeo ya kuzichambua nyimbo zao sauti kwa sauti. Alikuta dume mmoja huiga kwa wastani aina 76 za ndege wengine, na zaidi ya nusu ya hizo, yaani 45, ni ndege wa Afrika. Na kinda hafundishwi na baba yake, kwa sababu mayai yakishaanguliwa baba huacha kuimba. Wimbo wote anauokota mwenyewe katika mwaka wake wa kwanza, kiasi kikubwa njiani, kwenye vichaka kama hivi vilivyo chini ya mnara wangu. Sasa fikiria: mtu anafungua dirisha Ubelgiji mwezi Mei, anasikia shore wa Afrika akiimbwa na ndege wa gramu 12 hivi. Mimi hilo nimelihesabu kuwa ni jambo la maana, msomaji wako aniwie radhi.

Mchana sitausemea sana kwa kuwa huwa nimelala. Lakini nikitoka zamu baada ya mvua za Novemba, wakati kumbikumbi wanapotoka ardhini, huwa nasimama kwanza getini. Kozi wa Amur, ndege wadogo wa kuwinda, hufuata mvua hizo. Wametoka mashariki mwa Siberia na kaskazini mwa China, wakapumzika India, kisha wakaikata Bahari ya Hindi bila mahali pa kutua, na hapo wanakamata kumbikumbi hewani kwa miguu na kuwala wakiwa wanaruka. Mwaka 2012 huko Nagaland, kaskazini mashariki mwa India, wanakijiji walikuwa wakiwanasa kozi hawa kwa nyavu kwa maelfu kwa maelfu. Mwaka uliofuata wanakijiji wale wale waliacha, na sasa ndio wanaowalinda. Yupo pia ndege mmoja wa aina ya kekeo aliyefungwa kifaa cha setilaiti Mongolia mwaka 2019 akapewa jina la Onon. Alifuatiliwa hadi Zambia na akarudi Mongolia mwaka 2020, safari ya zaidi ya kilomita 26,000.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Eneo la mnara wetu lina taa kubwa za ulinzi kwenye kila pembe ya uzio, zinazomulika mbele na juu, na zinawaka kuanzia magharibi hadi asubuhi. Usiku mwingi hazina madhara ninayoyaona. Ila upo usiku wa aina moja ninaouogopa: hakuna mwezi, mawingu yameshuka hadi kileleni, na ukungu unapita kwenye mwanga. Mawingu yakishuka, ndege nao hushuka, na kilima kinakuwa kimewainukia. Nyota hawazioni tena. Kitu pekee kinachoonekana ni uwingu mweupe uliotengenezwa na taa zetu, wakiingia ndani yake hawatoki. Huzunguka. Walewale ambao huwa wanapita kimya huanza kuita, na ile miito inaongezeka hadi nashindwa kutofautisha nani ni nani. Halafu nasikia nyaya za mnara zikigongwa. Si sauti kubwa. Ni mlio mwembamba unaoteremka na waya hadi kwenye nanga yake ya zege, na baadaye kitu chepesi kinaanguka kwenye kokoto.

Asubuhi ya usiku kama huo niliokota mmoja karibu na mlango wa kibanda. Nilikuwa nimesoma jinsi wataalamu wanavyofanya, nikampuliza manyoya ya kifuani yakafunguka pande mbili. Ngozi ya ndege mdogo ni nyembamba mno, unaona hadi ndani. Chini ya koo, kwenye kile kishimo kati ya mifupa ya mabega, palijaa mafuta ya manjano, na mengine yalitanda tumboni. Hayo ndiyo akiba ya safari. Kabla ya kuvuka jangwa wapo wanaonenepa hadi kukaribia mara mbili ya uzito wao wa kawaida, na huyu alikuwa bado na akiba ya kutosha. Hakuchoka wala hakufa njaa. Aligonga waya.

Paka wa eneo hilo anajua usiku huo kuliko mimi. Kunguru nao hufika kabla ya zamu ya mchana, ndiyo maana wenzangu wa mchana wananiambia hawajawahi kuona ndege aliyekufa pale.

Nisidhaniwe kwamba nimebuni. Huko Ngulia, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, hoteli ilifunguliwa mlimani mwaka 1969 ikiwa na taa za kumulika wanyama usiku. Ukungu ulipokuja katika usiku usio na mwezi wa Novemba na Desemba, ndege wahamao walianza kushuka kwenye taa zile kama wadudu. Tangu mwaka ule wataalamu wamekuwa wakienda kuwanasa kwa nyavu laini, kuwavalisha pete za chuma miguuni na kuwaachia, mamia ya maelfu ya ndege hadi leo, na pete zao zimepatikana hadi Urusi na Mashariki ya Kati. Sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya njia zao upande huu wa Afrika imetoka kilima kile kimoja. Nasema wazi kwamba pale mwanga umeleta faida. Lakini pale kuna watu wanaowasubiri ndege, wanaowashika taratibu na kuwarudisha angani. Kwenye mnara wangu nipo mimi na paka.

Dawa yake inajulikana na si ghali. Katika jimbo la Michigan, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha minara yenye taa nyekundu zinazowaka mfululizo na ile yenye taa za kuwaka na kuzima tu. Ukiziondoa zile za mfululizo, vifo vya ndege vinaweza kupungua kwa asilimia 50 hadi 71. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo ilibadili mwongozo wake ili taa za mfululizo ziweze kuondolewa minarani, na marubani wanaendelea kuiona minara kama kawaida. Jijini New York, ambako kila Septemba 11 huwashwa miali miwili mikubwa ya kuwakumbuka waliokufa mwaka 2001, watafiti walieleza mwaka 2017 kwamba katika usiku saba tu, ndani ya miaka saba, miali ile iliathiri safari za ndege wapatao milioni 1.1. Walipoizima kwa muda, ndege walitawanyika ndani ya dakika chache wakaendelea na njia yao. Dakika chache! Hakuna uchafu mwingine duniani unaosafishika kwa kubonyeza swichi.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nilishapewa. Niliandika kwenye kitabu cha matukio, kama kazi inavyotaka, kwamba saa nane usiku kulikuwa na ndege wengi wakizunguka taa na baadhi wameanguka. Msimamizi alipokuja kukagua aliuliza kama ndege hao waliiba nini. Tulicheka wote wawili. Kisha akasema mkataba unataka eneo liwe na mwanga usiku kucha kwa sababu ya wezi wa dizeli na wa nyaya za shaba, na hapo mazungumzo yakafungwa.

Basi niseme kama mlinzi, maana kwenye ndege naweza kuambiwa ni mapenzi yangu tu, lakini ulinzi ndio unaonilisha. Taa zile hazinisaidii kama wanavyodhani wanaosaini mikataba mchana ofisini. Zinanimulika mimi. Nikisimama ndani ya uzio, nje naona ukuta mweusi. Mwizi aliyekaa kichakani ananiona hadi vifungo vya koti. Macho ya binadamu yanahitaji kama nusu saa kulizoea giza, na kila ninapogeuka kuitazama taa, ile nusu saa inaanza upya. Usiku jenereta inapogoma, baada ya muda naanza kuyaona mawe, njia, na mstari wa vichaka. Na masikio yanarudi kazini. Mtu akipanda mteremko, nyenje wa upande ule hunyamaza kwa mafungu kadiri anavyosogea, na unaweza kuifuata njia yake kwa ule ukimya. Hilo nililijua kwa kuwasikiliza ndege. Mara moja nimelitumia dhidi ya watu waliokuja na msumeno wa chuma, ambao walishangaa tochi yangu ikiwaka usoni mwao kabla hawajaugusa uzio.

Ninachoomba si kuzima kila kitu. Taa ya kileleni ni ya usalama wa marubani, sithubutu kuigusa. Iwe tu ya kuwaka na kuzima pale ambapo sheria ya anga inaruhusu. Hizi za chini zifunikwe kwa juu ili zimulike ardhi, ambako ndiko mwizi anakotembea, na ziwashwe na kifaa kinachohisi mtu akipita. Taa inayowaka ghafla inamshtua mwizi na kuniamsha mimi. Inayowaka usiku kucha haimwambii mtu yeyote chochote. Kama hilo ni gumu, mlinzi apewe ruhusa ya kuzizima usiku wa ukungu usio na mwezi, kati ya Oktoba na Desemba ndege wanapoteremka kusini, na tena Machi na Aprili wanaporudi. Ni usiku chache sana katika mwaka, na mlinzi ndiye anayejua ni zipi, kwa kuwa ndiye aliyeloa. Dizeli itakayookolewa wenye mnara waichukue wao.

Wanaopenda maadhimisho nao wana nafasi yao. Siku ya Ndege Wahamao Duniani, ambayo ilizinduliwa Laikipia, Kenya, mwaka 2006, huadhimishwa mara mbili kwa mwaka, Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba. Mwaka 2022 kaulimbiu yake ilikuwa kuhusu mwanga wa usiku. Mabango yalichapishwa, hotuba zikatolewa mchana kweupe, na taa za minarani zikawashwa jioni ileile kama kawaida.

Kwa msomaji aliyeandika barua ile, mwaliko wangu ni huu. Akipate kilima chochote kilicho karibu naye, aende na mtu anayemwamini, avae nguo nzito, asiwashe simu. Afike saa tisa usiku na akae hadi jua litoke. Asipowasikia juu, atawasikia vichakani alfajiri.

Nawe Mhariri, kama una mwandishi asiyeogopa baridi, mtume Novemba, mwezi ukiwa umeandama karibuni au bado kabisa. Sitaweza kumfungulia uzio, lakini mwamba ninaousema uko nje ya uzio, na mtu yeyote anaweza kuukalia. Ila asije na zile tochi za kufunga kichwani.

Ni mimi,
Mlinzi wa zamu ya usiku
(Jina na anwani vimehifadhiwa kwa ombi la mwandishi)